Droo Namba Sita

Meno mawili ya mhudumu wa mochwari yalikuwa tayari sakafuni, na Nyundo bado hajapata alichofuata.

"Taratibu, kaka," mhudumu akasema, akitema damu pembeni. "Wenye nyumba wamelala."

Nyundo akamwongeza ngumi ya tumbo. Hakupenda mizaha saa za kazi. Juzi alimmiminia mtu risasi tatu kupitia mlango uliofungwa, akasikia kishindo cha mwili, akaenda zake. Jana habari zikaenea mjini kwamba marehemu kaletwa hapa. Lakini bosi hakuwa mtu wa kula habari akashiba. Alitaka pete, ile ya fedha yenye jiwe jekundu, pamoja na kidole chake, kabla ya saa sita mchana.

"Kesho yule bwana alikuwa asimame mahakamani dhidi yangu," bosi alisema. "Usipoleta pete nitajua yu hai. Na ninyi wawili siwezi kuwaacha hai wote."

Jina, mlango na pete: hayo tu ndiyo Nyundo aliyoambiwa. Kazi ya mtu huyo hakuuliza. Tangu lini nyundo ikauliza msumari umetoka duka gani?

"Yuko droo ipi?"

Mhudumu akajikokota hadi kwenye kompyuta. Mkono wa kushoto aliuzamisha mfukoni mwa koti lake jeupe. Akawa anabofya kwa kidole kimoja cha kulia, kama kuku anayedonoa.

"Toa mkono huo."

"Bega limegoma, kaka."

"Hata sijaligusa," Nyundo akacheka, kisha akaligusa kwa kitako cha bastola. Mhudumu akalia hadi vioo vikatetemeka. Kweli, lilikuwa limegoma.

Kwenye skrini pakatokea mstari mmoja:

kuta[1].droo[6].mwili.pete

"Hii nini, hirizi?"

"JavaScript, lugha ya kuiamrisha kompyuta. Najifunza mwenyewe, pole pole. Ni sanduku ndani ya sanduku: ukuta una droo, droo ina mwili, mwili una pete. Unafungua kimoja kimoja mpaka unafika."

Namba Nyundo alizijua. Ukuta wa kwanza, droo ya sita. Droo zile zilitaka mikono miwili, basi akaichomeka bastola kwenye mkanda, nyuma kiunoni, akavuta.

Bibi kizee. Vidole vyake havikuwa na hata alama ya pete.

Nyundo akarudi na mguu wa kiti. Ubavu wa kwanza ukalia kama kuni kavu. Wa pili haukuchelewa kumfuata mwenzake.

"Umehesabu kama binadamu," mhudumu akasema alipopata pumzi. "Kompyuta huanza na sifuri. Kwake yeye, moja ni ya pili. Ukuta wako ni ule wa kule."

"Ukinidanganya tena, nakutia humo ungali unapumua."

"Mimi humo napajua, kaka. Baridi yake si ya mchezo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Nyundo akamburura kwa kola hadi ukuta wa pili, akambwaga nyuma yake, amejikunja kama jamvi kuukuu. Mtu wa mbavu mbili zilizovunjika atakwenda wapi?

Akaanza kuhesabu kwa kidole, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesimamiwa na fimbo. Sifuri. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Kwenye sita, kidole kikagusa plasta.

Akarudi mwanzo, akahesabu upya, jasho likimtiririka katika baridi ile. Tano ndiyo ilikuwa droo ya mwisho.

"Sita iko wapi?"

"Haipo," sauti ikajibu kisogoni mwake, karibu kuliko alivyoiacha. "Ukiuliza nafasi isiyokuwepo, kompyuta haigombi. Inakwambia tu kwamba hapo hakuna mtu."

"Sasa nani kamwandika hapo?"

Mkanda wa Nyundo ukawa mwepesi ghafla. Akageuka polepole. Bastola yake ilikuwa katika mkono wa kulia wa mhudumu. Ule wa kushoto, uliokuwa mfukoni tangu asubuhi, ulikuwa umetoka kuusaidia kwa chini, na kwenye kidole chake jiwe jekundu lilimkonyeza.