Maana Zote za 'Run'

Maximilla alikuwa anapima dagaa wa omena sokoni Shianda aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mteja.

"My nose is running," ilisema ile sauti. "I run a business."

"Mama Run!" Mteja alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ni wewe? Watu wote wanakuonanga huku mtandaoni!"

Akamgeuzia simu. Maximilla akajiona jikoni kwake, anakimbia palepale kama kuku aliyefungwa mguu, leso aliyojifunga inateleza, anaibana kwa kiwiko na bado anakimbia.

Binti yake ndiye aliyemwambia 'run' ya Kiingereza, kukimbia, lina maana nyingi: kamasi inakimbia, biashara inakimbia, hata chumvi ikiisha imekimbia. Akasema haziingii kichwani bila miguu kusaidia. Mama wa watu akaamini. Alitaka tu, kwenye mkutano wa wazazi, aongee Kiingereza na mwalimu wa mtoto wake bila kuomba mtu amtafsirie.

Nyuma ya kamera mtu alisikika anacheka, kama aliyeziba mdomo kwa mkono. Kicheko hicho Maximilla alikijua tangu hakijaota meno.

"Mama, nimefika!" Binti yake alisimama mbele ya meza ya omena na yunifomu ya shule, anatabasamu. "Jioni tufanye neno gani?"

Maximilla akaweka mkebe wa kupimia chini.

"Lilelile," akasema. "Lakini leo kimbia wewe, hapa mbele ya watu, useme maana zote. Mimi nitashika simu."