Shahidi Aliyeitwa Kalunguyeye

"Kalunguyeye asipopatikana, tumekwisha," wakili Stoilov alisema, akifunga faili.

Zdravko alitazama viatu vyake. Programu yake huria ya kusafisha sauti, ambayo vituo vidogo vya redio dunia nzima huitumia bure, ilikuwa imeshtakiwa na kampuni moja ya ng'ambo. Eti njia ya kuondoa mikwaruzo ni hataza yao, uvumbuzi waliousajili wao! Asipotokea Kalunguyeye, aliyeiandika sehemu ile kabla yao, akaapa mahakamani, programu itaondolewa mtandaoni. Na Zdravko ukimwondolea programu, anabaki na nini? Hata paka hana.

"Jina lake halisi nani?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo mmefanya kazi pamoja mtandaoni, hujui jina?"

"Sisi hatuulizani majina, bwana wakili. Tunaangalia msimbo wa programu tu."

Wakili alicheka, Zdravko hakucheka. Kalunguyeye ndiye rafiki pekee aliyewahi kuwa naye. Mkali wa kazi, tena mtani, humwandikia: "Wewe, acha hiyo, supu yako inapoa!" Zdravko alikuwa akicheka peke yake chumbani, mpaka mkewe Nevena, mwalimu wa hesabu, anauliza kutoka jikoni anacheka na nani.

"Huwezi kuelewa," alikuwa akimjibu, macho kwenye skrini.

Mwisho Nevena alichoka. "Umeoa kompyuta, kaa nayo!" akasema, akapanda treni kwenda kwa dada yake mjini Varna. Majira yaleyale Kalunguyeye naye akanyamaza. Na tuseme ukweli, Zdravko alimlilia Kalunguyeye zaidi.

Sasa alimwandikia kwa anwani ile ya zamani: njoo hapa Ruse, kwa wakili wangu, nakuhitaji. Jibu likaja siku hiyohiyo: "Nitakuwa Ruse Jumanne."

Jumanne Zdravko alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akanunua banitsa ya moto, andazi la jibini, ya kumkaribishia mgeni. Alikuwa na furaha ya mtoto. Mlango wa ofisi ya wakili ukafunguliwa, akaingia Nevena.

"Nevena, si leo, tafadhali," Zdravko alinong'ona. "Mambo ya talaka tutaongea baadaye. Kuna mtu namngoja."

Nevena alimpita, akaketi mbele ya wakili, akaweka kompyuta kuukuu mezani, msimbo ule wa mikwaruzo ukiwa wazi kwenye skrini.

"Msimbo huu uliuandikia wapi, mama?" wakili akauliza.

"Jikoni kwake," Nevena alisema. "Nikimwita mezani haitiki. Nikimwandikia kule, ananijibu hapohapo."