Aliyepigilia Kiatu Hiki

Kiatu cha farasi kililazwa juu ya fuawe, ncha ya mbele, penye tao, ikielekea mlangoni, ule mfereji wa kuzamisha vichwa vya misumari ukitazama juu. Kilikuja na barua ya mstari mmoja: farasi anachechemea, aliyepigilia kiatu hiki asiguse tena farasi wangu.

Mhunzi mzee alimtazama mume wa bintiye, akacheka kwa pua.

"Nilijua tu, bwana mkwe."

Karakana ilikuwa na desturi yake. Farasi akiingia, mzee alishika kwato za kushoto, mkwe za kulia. Kazi iliisha upesi, na lawama ilimpata mwenyewe. Kwa miaka sita lawama ilimjua mtu mmoja tu.

Binti aliacha kuvuta mivukuto, akashika tumbo lake la miezi saba. Karakana hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mumewe.

"Baba, umejuaje ni chake?"

"Umekulia humu, bado unauliza?" Mzee hata hakukiinua. Alikigusa kwa ncha ya koleo, kama mtu anayetoa mende kwenye mchuzi. "Kiatu kina mikono miwili. Wa nje umepinda, una matundu manne. Wa ndani umenyooka, una matatu. Haya, hesabu. Manne yako kulia. Mguu wa kulia huu, hata kipofu angeuona."

Mkwe aliinama, akahesabu matundu.

"Kiatu ni cha kulinda kwato isiliwe na mawe. Yeye tundu la nyuma kalitoboa ndani mno, msumari ukaingia nyamani. Kamvalisha mnyama mwiba." Mzee alitema mate pembeni. "Mwenye kazi hii avue aproni sasa hivi, atoke, asirudi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu hapa si kwao."

Mkwe alianza kufungua kamba kiunoni. Mkewe akamzuia mkono.

"Baba, farasi hukanyaga kwa upande upi?"

"Wa mfereji. Swali gani hilo?"

Binti alikipindua kiatu, kama farasi anavyokivaa, mfereji ukalala chini, ncha ikabaki imeelekea mlangoni. Akaanza kugusa matundu ya mkono wa kushoto. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kisha akamnyooshea baba yake mkono, akasubiri aproni.