Wimbo Wote, Bila Kukatwa

Muhigirwa aliimba mstari wa kwanza, akakosea. Akarudia, akaharibu zaidi. Nusu yake ikageuka wimbo wa kwaya. Wateja kwenye kibanda cha Fabien, mtu wa Kadutu, pale karibu na daraja la Rusizi II, walicheka wakashika mbavu.

Fabien hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu nyimbo kwenye simu, na huu aliumalizia mwenyewe, polepole, bila kukosea hata kidogo.

“Njo huo!” Muhigirwa akaruka. “Bibi yangu Vénantie anauimba kila siku akipika samaki sambaza. Nikimuuliza ananiambia, ‘Ni wimbo wa zamani tu, Papa Mucyo, acha.’ Jumamosi tunatimiza miaka kumi na tano ya ndoa, na sijamuona akicheza hata siku moja!”

“Chukua huu wangu, Papa. Bure.”

“Bure njo luga ya bavoleur, ya wezi!”

Masikini Fabien, alijitakia. Muhigirwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga wizi wa muziki, kamati yenye mwenyekiti na mhuri basi. Tena alijivunia mkewe: tangu kibanda hiki kifunguliwe, Vénantie hakuwahi kukanyaga hapo. Akienda sokoni huzunguka njia ya mbali. Wanawake wanaochukia wizi namna hiyo wako wangapi?

Hata hivyo aliusikiliza ule wa bure. Katikati ukaruka.

“Umeukata!”

“Ni mabanga tu, Papa. Majina ya batu balimulipa muimbaji abataje. Ya wakati wa vita. Kelele tu.”

“Umekata mali ya muntu! Mimi nitanunua wote, na sheria.”

“Papa, nakuomba sana. Chukua huu.”

Lo, jinsi mwenyekiti alivyofurahi kumwona mwizi akisihi! Aliupakua mtandaoni kwa mwenye wimbo, akalipa, risiti ikaingia kwenye simu. Kisha, ili kumtia adabu, akamkodi Fabien huyohuyo alete spika aupige yeye mwenyewe, mbele ya watu.

Jumamosi ua wa nyumba ulijaa wageni. Muhigirwa alimwonyesha padri wa parokia ya Mibirizi ile risiti, akahutubia juu ya uaminifu mpaka brosheti za mbuzi zikapoa. Ndipo gitaa likaanza.

Vénantie akashika shavu. Machozi yakamtoka. Halafu akasimama, akafumba macho, akacheza, na wageni wakapiga vigelegele. Muhigirwa moyo ulimjaa. Alimpenda mwanamke huyu jamani, alimpenda kweli. Akampungia Fabien mkono aongeze sauti.

Fabien akamtazama, akatikisa kichwa.

“Ongeza, wee!” Muhigirwa akamsogeza kando, akaongeza sauti mwenyewe hadi mwisho.

Katikati ya wimbo mwimbaji akaacha kuimba, akapaza sauti: “Vénantie! Vénantie wa Fabien wa Kadutu! Vita ikiisha, ndoa!”