Karatasi ya Kumi na Nne

Lameki hakuwa na darubini. Hakuwa na shahada, wala umeme, wala miwani ya kumfaa. Ile ya mtumba aliyoinunua Makambako, biashara zilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuuzwa, ilimtia kizunguzungu. Hakuwa hata na kiti cha kuegemea. Hata hivyo, nyumbani kwake Njombe ulimwengu ulikuwa unapimwa.

Picha zilitoka Ulaya kwa posta, kwa profesa aliyewahi kumfundisha hesabu kwa barua. Kila karatasi ilikuwa kipande cha anga, na kila kidoa juu yake mamilioni ya nyota. Kazi ilikuwa kuhesabu vidoa, vyenye mwanga na vilivyo hafifu. Ulimwengu ukiwa tambarare, vile hafifu vingeongezeka kwa kiwango maalumu. Ukiwa umepinda, hesabu ingekataa. Lameki alijaza fomu kwa mwandiko wa kupendeza, akatia sahihi. Miaka miwili, karatasi arobaini.

Sasa barua ya profesa ilikuwa mfukoni mwake tangu Jumatatu, ikimchoma kama kaa la moto.

"Hesabu zote zinakubaliana," profesa aliandika, "isipokuwa karatasi ya kumi na nne. Nikiiweka hiyo, ulimwengu unapinda kama tumbo la chungu. Niambie kweli: ilihesabiwa na mtu mwingine? Kama ndiyo, nitaitupa hiyo peke yake, na jina lako litachapwa kitabuni mwangu. Kama mtu ni yuleyule, siwezi kumwamini tena, nitazitupa zote."

Jina lake kitabuni! Yeye aliyesoma kidato cha nne madarasa ya usiku, akiwa tayari na miaka hamsini, vijana wakimwita Babu Daftari!

Alhamisi alipanda basi kwenda Makambako na mkewe Idda, aliyekuwa na maharage ya kuuza. Kwenye benchi mbele ya posta, Lameki akaandika kwa Kiingereza, lugha ambayo Idda hakuijua:

"Karatasi ya kumi na nne ilihesabiwa na mke wangu Idda, mwanamke wa shambani asiye na elimu. Namwombea radhi."

Aliisoma tena, akajifuta paji la uso. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mama huyu hajawahi kumsingizia mtu hata wizi wa yai.

"Baba Zita, mbona jasho na baridi yote hii?" Idda aliuliza. "Unaandika barua au unalima?"

"Naandika."

"Mzungu anataka nini?"

"Anauliza nani alihesabu."

Idda aliacha kufunga mdomo wa gunia. "Nawe umemjibuje?"

Lameki alitazama viatu vyake. "Nimemtajia jina lako."

Mama yule alisimama, akajifunga kitenge upya kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa.

"Idda wa Ulaya!" Akacheka mpaka machozi. "Nami kila siku nasema moyoni, huyu mzee atanitaja lini? Karatasi thelathini na tisa nimemhesabia kwa macho yangu haya, yeye kahesabu ile moja tu, wiki niliyokwenda msibani Kifanya, na sahihi zote zake! Asante, mume wangu. Lete nikufungie."

Akaichukua bahasha, akailamba, akaibana kwa kiganja, akaitumbukiza sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.