Kiganja cha Fumo

Wazee wa mji waliiruhusu sinema ile ya vita na mapenzi kwa sharti moja: likifika busu la stesheni, Fumo mwendesha mashine aifunike lenzi kwa kiganja. Miaka minne alifunika. Ukumbi ulikuwa ukiingia giza, watu wakipiga miluzi, kisha treni inaonekana ikiondoka na askari wake.

Jumamosi hiyo Bi Siwema, aliyetoka eda juzi, alipanda ngazi mpaka chumba cha mashine.

"Ndugu yangu Fumo, leo usiweke mkono."

"Wazee wako mstari wa mbele, Bi Siwema. Watanifukuza."

"Mume wangu alipokwenda vitani, niliagana naye stesheni. Watu walikuwa wengi, nikaona haya. Nikampa mkono tu, kama mgeni. Hakurudi."

Fumo akageukia mashine yake. Picha ilipofika stesheni, kiganja chake kiliinuka chenyewe kwa mazoea, kikasita mbele ya lenzi. Akakirudisha, akakitia mfukoni.

Chini bakora moja iligonga sakafu. Hakuna aliyepiga mluzi.

Fumo akageuka. Bi Siwema hakuwa akitazama sinema. Alikuwa amekifungua kiganja chake kwenye mwanga uliovuja ubavuni mwa mashine, anakitazama.