Mgeni na Kifaru

Mhadhiri wa somo la udongo aliandika uongo, akausoma tena kuhakikisha kwamba ni uongo kweli, kisha akaubandika kwenye ukurasa wa darasa: udongo wa mfinyanzi hupitisha maji upesi kuliko mchanga. Chini yake akaweka jina la mwanafunzi asiyekuwepo duniani. Mgeni.

Afanyeje? Alikuwa amewafungulia wanafunzi wiki, ukurasa wa mtandaoni ambao kila mmoja anaandika na kurekebisha ya mwenzake, tena kwa jina la utani ili wenye aibu wasiogope. Hakuna aliyegusa. Darasani wakiulizwa, waliinamia simu. Na chuo kilishasema: ukurasa ukibaki mtupu, somo linafutwa. Somo likifutwa, na yeye anafungasha virago. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kukasirika.

Asubuhi iliyofuata, jibu likawa limefika.

"Ndugu Mgeni, nani kakudanganya? Mfinyanzi unashika maji. Umewahi kuushika udongo kwa mikono, au unausoma kwenye simu tu?" Aliyeandika alijiita Kifaru.

Mhadhiri alicheka peke yake mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Nimepata mwanafunzi."

"Mmoja?"

"Mmoja ananitosha."

Tangu hapo Mgeni akawa anakosea kwa ufundi, na Kifaru anamnyoosha. Kifaru alifuta, akaandika upya, akaongeza michoro. Siku nyingine Mgeni alibisha kwa ukaidi tu, ili Kifaru afoke. Wengine hawakutia neno, lakini wawili wakibishana vizuri ukurasa hujaa. Juma moja Kifaru alitoweka, na mhadhiri hakuwa na wa kumweleza wasiwasi wake. Hata mkuu wa idara alikuwa safarini. Kifaru aliporudi aliandika, "Mgeni, usije ukaacha somo hili. Ni wewe tu unayesoma humu." Mhadhiri alijisikia vibaya kumdanganya kijana mwema namna ile.

Mwisho wa muhula chuo kikatoa sharti: somo litabaki, ila kikao kizungumze kwanza na mwanafunzi mmoja aliyeandika humo. Mhadhiri akaingia darasani, akamwomba Kifaru ajitokeze. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Akapanda ngazi kwa mkuu wa idara, mama aliyelipigania somo hilo vikaoni mpaka sauti ikamkauka. Alimkuta amevua viatu chini ya meza, macho mekundu, chai imepoa mbele yake.

"Mkuu, kikao kinamtaka mwanafunzi, na Kifaru amejificha," alisema. "Yule mtoto ana akili, na bila yeye tumekwisha. Nisaidie kumpata."

Mama akainuka, akafunga mlango.

"Nisamehe, mwalimu. Kifaru ni mimi. Nilimwona yule maskini anaandika peke yake, nikamwonea huruma." Akaketi, na kwa mara ya kwanza muhula ule uso wake ukachangamka. "Lakini hatujaharibikiwa. Nenda kaniitie Mgeni."